Kanda Iliyoandikwa Mechi

Tlemcen, 9 Machi 2007

Kwa Jelloul, mdogo wangu wa huko mchangani,

Nakusalimu nikiamini u mzima, umeshiba na umeoga, ingawa hilo la kuoga sina hakika nalo, maana nayajua maji ya kambi yenu ya mafuta huko jangwani. Sisi huku hatujambo. Theluji ilianguka tena juma lililopita, na shemeji yako Mourad akapanda darini kuipangusa kwenye dishi la televisheni, akateleza. Hakuumia, ila majirani wote walimwona, na hilo ndilo linalomuuma mpaka leo. Mimi magoti yananisumbua. Daktari aliniambia nipunguze samli. Nikaona afadhali nimpunguze daktari.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu yenu ya kambini iko kwenye korido, na ukiongea foleni nzima inasikia. Na mimi sijui kuongea polepole.

Basi kuna jambo dogo. Dogo sana, wala usishtuke. Nilikuwa napangusa kabati la Mama, lile la chumba cha juu kisichopata unyevu. Unajua kanda za video nimezisimamisha humo kama vitabu, maana zikilazwa mkanda wake hulegea, na kila majira ya joto yakianza hukagua kama zimeota ukungu. Nikaona pengo. Nikamsingizia Mourad, kisha nikamwomba radhi Mourad. Iliyopungua ni ile iliyoandikwa MECHI YA NUSU FAINALI.

Je, uliichukua wewe ulipokuja likizo? Kama ni wewe, sikasiriki. Ila nirudishie. Na kama unampenda dada yako, usiitie kwenye deki, wala usimpe mtu. Iviringe kwenye taulo, iweke chini kabisa ya begi, ije na basi la kwanza la kampuni.

Najua unajiuliza tangu lini Ghania akajali mpira. Nimeanza. Mtu hubadilika.

Dada yako,
Ghania

---

Kambini, 2 Aprili 2007

Dada Ghania,

Barua yako imefika ikiwa na harufu ya mdalasini, kwa hiyo nimejua uliiandikia jikoni. Mpe pole shemeji kwa kuteleza, na pole zaidi kwa majirani kumwona.

Huku upepo wa mchanga umevuma mfululizo. Mchanga umeingia masikioni, kitandani na kwenye dengu. Ami Lakhdar, yule mzee wa Sidi Bel Abbès anayeendesha lori la maji, anasema tusilalamike, mchanga unasugua meno. Yeye mwenyewe hana meno, kwa hiyo sijui ushahidi kautoa wapi.

Kuhusu kanda: ndiyo, ni mimi. Kila mtu aliambiwa akirudi likizo alete mechi za zamani kwa ajili ya ukumbi wa burudani, nikaiona hiyo kabatini, nikaitia kwenye begi. Sikudhani ni jambo la kuomba ruhusa. Ipo. Iko chini ya begi langu, imeviringwa kwenye taulo. Hakuna neno. Nitaileta mwenyewe.

Nami nina swali. Siku ya arobaini ya Mama nilikuuliza kama kuna kanda yoyote ambamo Mama yumo, anatembea, anaongea. Ulisema hakuna, kwamba Mama alikuwa akiikimbia kamera kama kuku anavyokikimbia kisu. Picha za karatasi ninazo, lakini zinanikazia macho tu, hazisemi. Nakuuliza tena, Dada. Kweli hakuna?

Usinitafutie mchumba. Nimesikia kutoka kwa watu watatu tofauti kwamba unanitafutia.

Mdogo wako,
Jelloul

---

Tlemcen, 21 Aprili 2007

Jelloul,

Shemeji yako hajambo, majirani hawajambo, paka amezaa kwenye sanduku la viatu vyangu vya sikukuu. Salamu zimekwisha. Tuingie kazini.

Umeniandikia “hakuna neno”. Mimi nimekulea, Jelloul. Ulipovunja dirisha la mwokaji ulikuja jikoni ukiwa umechana nywele vizuri, ukaniambia “hakuna neno, Dada.” Kwa hiyo sasa nakuambia ukweli, ili nawe upate aibu ya kuniambia wako.

Ile kanda si mechi. Ni harusi ya Wassila, binti wa Hajjati Yamna wa ghorofa ya chini, upande wa wanawake. Harusi ilifanyika kwetu kwa sababu ukumbi wetu ndio uliokuwa mkubwa. Kamera niliishika mimi, ile aliyoileta binamu kutoka Marseille. Humo wanawake wote wa mtaa wamevua mitandio, wamefungua nywele, wanacheza kama wanavyocheza wakijua hakuna jicho la mwanamume ndani ya nyumba. Nao walikubali nipige kwa sababu Mama alisimama mlangoni akawaambia: “Kanda hii ni amana yangu. Haitoki kabatini mwangu, na mwanamume hataiona.” Baada ya neno hilo hata Hajjati Yamna, ambaye hujifunika anapofungua dirisha, alitoa kilemba akakirusha juu ya kabati.

Sasa utaniuliza mechi imetoka wapi. Mama ndiye aliyeamuru kanda za namna hiyo zisiandikwe majina yake. Alisema ukiandika “Harusi, wanawake”, umemwonyesha mwizi mlango. Alitaka majina ya kuchosha. Nikaandika Hotuba. Nikaandika Hesabu, Somo la Nne. Nikaandika Kilimo cha Viazi. Halafu majina ya kuchosha yakaniishia, na kwa akili zangu nikaona mechi ikishachezwa imekwisha, nani atataka kuitazama tena na matokeo anayajua? Usinicheke. Au nicheke, lakini jibu kwanza: umeitia kwenye deki au hukuitia?

Wassila leo ni mwalimu mkuu. Kina baba wa mji mzima huenda ofisini kwake na kofia mikononi kuuliza habari za watoto wao. Hajjati Yamna bado yuko hapo chini, na kila akinipita ngazini ananiambia, “Kabati limefungwa?” nami husema, “Limefungwa, Hajjati.” Juzi nimesema hivyo hivyo, na uso ukaniwaka kama tanuri.

Kuhusu swali lako jingine, nitalijibu nikiipata miwani yangu.

Ghania

---

Kambini, 19 Mei 2007

Dada Ghania,

Nisamehe kwa kuchelewa. Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana, na Ami Lakhdar akadhani nina mwanamke Oran.

Ilitiwa kwenye deki. Wala si mimi niliyeitia, na hilo ni baya zaidi.

Ilikuwa Ijumaa moja ya Machi, kabla barua yako ya kwanza haijafika, baada ya chakula, ukumbi umejaa. Mtunza ukumbi anaitwa Bachir, mtu wa Annaba, mpole, mchapakazi, tatizo lake ni kwamba anapenda kuhifadhi kila kitu. Akazima taa, akasema, “Mabwana, nusu fainali, kwa hisani ya Jelloul wa Tlemcen!” Watu wakapiga makofi. Mimi nikainuka nikainama kidogo, mjinga mimi.

Halafu matari yakalia.

Mwanzoni watu walidhani ni tangazo. Kisha nikaliona zulia letu, lile jekundu, na mapazia yetu. Nikawaona wanawake wamefungua nywele, na katikati yao, Dada, nikamwona Mama. Amejifunga kitambaa kiunoni, anacheza. Sijui ilikuwa muda gani. Nilisimama nimeganda, wala sikukimbilia deki, na hilo sijisamehe. Ami Lakhdar ndiye aliyeinuka. Hakutafuta swichi. Alishika waya akaung'oa ukutani pamoja na soketi yake.

Giza likawa zito. Nilisubiri kicheko, na kuna vijana huku ambao hucheka hata mazishini. Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja wa nyuma akasema, “Mimi sikuona kitu, jua la leo limeniharibu macho.” Mwingine akasema, “Na mimi hivyo hivyo.” Wakatoka mmoja mmoja wakitazama sakafu. Tangu siku hiyo hakuna aliyenitajia, hata kwa utani, na unajua sisi huku hatuna kingine cha kufanya isipokuwa kutaniana.

Ningeishia hapo ningekuwa nimekuambia nusu. Bachir kila kanda inayoletwa huinakili kwanza kwenye kompyuta yake, ili kanda isichoke. Harusi ya Wassila imo ndani ya kompyuta ya kambi. Na kesho yake asubuhi Bachir alipanda ndege kwenda likizo yake ndefu na ufunguo wa ofisi mfukoni. Nimemwomba mkuu wa kambi anifungulie, akaniuliza kuna nini. Ningemjibuje? Nikamwambia hakuna neno.

Nimekaa nasubiri Bachir arudi. Nilitaka nikuandikie nikiwa nimeshafuta, ndiyo sababu nilikaa kimya. Nakuomba usiwaambie wanawake mpaka nimalize.

Na nakuomba jambo la pili. Uliniambia hakuna kanda yenye Mama. Nimemwona, Dada. Wanaume wasiomjua wamemwona pamoja nami. Kwa nini uliniambia hakuna?

Jelloul

---

Tlemcen, 28 Mei 2007

Mdogo wangu,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Mourad aliuliza, “Nani amekufa?” Nikamwambia hakuna aliyekufa, nenda kanunue mkate.

Kwanza la Mama. Nilikuambia hakuna kwa sababu ningekuambia ipo ungeiomba. Ungeomba kwa ule uso wako wa siku ya arobaini, na mimi ningekupa, Jelloul. Mimi si mtu mgumu, mimi ni mnene tu, watu huchanganya. Ningekupa, na neno la Mama la mlangoni ningelivunja kwa mkono wangu. Basi nikaona nikudanganye wewe kuliko kumdanganya yeye. Ulilala umeumia, najua. Mimi pia.

Pili, umeniomba nisiwaambie wanawake. Hilo sikupi. Sura zilizomo si zangu wala zako. Kama nyumba ya mtu imeingiliwa, hungoji mpaka umpate mwizi ndipo umwambie. Nitaanza na Hajjati Yamna. Niombee.

Tatu, Bachir akirudi, usimwachie afanye peke yake akakuambia “tayari”. Kaa ubavuni pake. Wassila aliwahi kunieleza kwamba kitu kikifutwa kwenye kompyuta huenda kwanza kwenye pipa lake la taka, na kinaweza kuokotwa. Basi naye pipa alimwage. Muulize kama amekitia kwenye flashi, kama amempa mtu, kama kuna kompyuta nyingine inayovuta vitu kutoka kwake. Muulize kwa heshima lakini muulize. Na Ami Lakhdar awepo. Mzee aliyeng'oa soketi anastahili kuona mwisho wake.

Ghania

---

Kambini, 17 Juni 2007

Dada Ghania,

Joto limeshaanza. Ukiacha kijiko juani huwezi kukishika. Ami Lakhdar amekaanga yai juu ya boneti ya lori, si kwa njaa, kwa kuthibitisha tu.

Bachir amerudi. Nilimfuata ofisini na Ami Lakhdar nyuma yangu. Nikamwambia nataka nini. Akakunja uso.

“Lakini ndugu yangu, mimi nimeshaiingiza kwenye maktaba. Mimi sitazami, nahifadhi tu. Kanda zinaoza, unajua? Miaka michache ijayo hutakuwa na kitu.”

“Acha ioze,” nikamwambia.

“Ni mali ya ukumbi sasa.”

Ami Lakhdar akavuta kiti akakaa. “Mwanangu Bachir,” akasema, “mama yako yuko hai?”

“Yuko hai, Ami.”

“Anacheza kwenye harusi?”

“Anacheza sana.”

“Basi. Sheria ipo ya kumfunga mtu anayeweka picha za watu za nyumbani bila ridhaa yao, lakini mimi sikuja na sheria. Nimekuja na mama yako.”

Bachir akawasha kompyuta.

Nilimuuliza yote uliyoniagiza. Flashi, hapana. Kumpa mtu, hapana. Kompyuta nyingine, ipo moja kwenye chumba cha walinzi inayovuta filamu kutoka kwake. Tukaenda, tukafungua, haikuwa imevuta kitu kwa sababu waya wake uliliwa na panya. Sijawahi kumshukuru panya, nimemshukuru.

Kisha tukarudi. Kidole chake kikawa juu ya kitufe. Akaniangalia. Ni mtu mwema, Dada, nataka ulijue hilo. Akasema kwa sauti ya chini, “Siku ile niliuona uso wako. Mama yako yumo, siyo? Ngoja nikukatie kipande chake kwanza. Dakika chache tu. Nikukatie, nikutilie kwenye diski, kisha nafuta yote.”

Ami Lakhdar alikohoa.

Nilitaka, Dada. Sikuwahi kutaka kitu hivyo. Nilijua nikisema ndiyo, kesho ningekuwa na Mama mfukoni. Lakini ili akikate angelazimika kuitazama, airudishe nyuma, aitazame tena, amtafute Mama katikati ya wale wengine wote, uso kwa uso. Wassila, Hajjati Yamna, wewe.

Nikamwambia, “Futa.”

Akafuta. Akamwaga na pipa. Akanionyesha mahali palipokuwa pake, hapana kitu. Nikatoka nje nikasimama juani kama kile kijiko.

Kanda yenyewe analeta Ami Lakhdar, anakwenda likizo kwao na atapitia Tlemcen. Imeshonwa ndani ya mfuko. Sijaitazama tena. Mpe mzee chakula kizuri, chochote kisichohitaji meno.

Jelloul

---

Tlemcen, 15 Julai 2007

Jelloul wangu,

Ami Lakhdar alifika, alikula supu na kuskusi laini na tikiti maji, akalala kwenye kochi la Mourad, akaamka, akatoa ule mfuko kutoka kifuani, siyo kwenye begi, kifuani. Alinikabidhi kwa mikono miwili akiwa ametazama pembeni, kana kwamba wanawake wenyewe walikuwa wamekaa humo ndani. Mourad anasema tumchukue awe mjomba wetu.

Sasa nikueleze ya Hajjati Yamna. Nilishuka kwake siku ile ile niliyokutumia barua. Nikamwambia yote. Mechi, ukumbi, soketi, kompyuta. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

“Wanaume wangapi?”

“Ukumbi mzima, Hajjati.”

“Na mimi nilikuwa nafanya nini?”

“Sijui ilifika wapi. Pengine hukuonekana.”

“Sikuonekana? Nilivaa kaftani ya zambarau harusi nzima inaniangalia mimi, halafu sikuonekana?”

Nikadhani anatania, nikatabasamu. Hakuwa anatania. Alilia, Jelloul, mwanamke yule, machozi juu ya maharage. Akasema, “Mama yako alinipa neno lake.” Nikamwambia ndiyo. “Na wewe kila siku unaniambia limefungwa.” Nikamwambia ndiyo. Akanifukuza. Hakusema nami karibu mwezi mzima. Nikipita ngazini alikuwa akimsalimia paka.

Niliwaendea na wengine, mlango kwa mlango. Wengine walinishika mkono, wengine waliniacha nimesimama nje. Mmoja aliniuliza tu kama siku ile alikuwa mwembamba.

Barua yako ya Juni ilipofika, niliishusha kwa Hajjati Yamna nikamsomea. Nilipofika pale ulipomwambia Bachir “Futa”, aliniambia rudia. Nikarudia. Akasema, “Huyu ndiye yule aliyekuwa anatafuna pindo la pazia langu utotoni?” Nikamwambia ndiye. Akasema, “Waite wote. Alhamisi. Lete hiyo kanda, na wewe ulete keki za griweshi, na ziwe na asali ya kutosha, si kama zako za kawaida.”

Wakaja. Mourad tulimpeleka mkahawani na amri ya kutorudi. Tukaitazama yote, mwanzo hadi mwisho, kwa mara ya kwanza tangu harusi. Walicheka mpaka mtu mmoja akabebwa kwenda kunywa maji. Mitindo ile ya nywele! Mimi sauti yangu inasikika humo nikimwamuru bibi harusi asipumue. Halafu tukaanza kusema “Mungu amrehemu”, kwa sababu kila baada ya muda anapita mtu ambaye hayupo tena.

Ndipo Wassila akasimama kama anavyosimama mbele ya walimu wake. Akasema kanda ni mali ya waliomo, na waliomo ndio wataamua. Kwanza, majina ya uongo yafutwe, kila kanda iandikwe ilivyo, na kabati litiwe kufuli la kweli badala ya neno langu. Pili, zinakaribia kuoza, kwa hiyo zitahamishwa kwenye diski, lakini hazitakwenda dukani kwa mwanamume yeyote: atazihamisha mwenyewe, nyumbani kwake, kwa kompyuta isiyounganishwa na kitu, nakala moja kwangu, moja kwake. Asiyetaka sura yake ibaki, aseme, ataikata. Walisema wawili. Hakuna aliyewauliza sababu.

“Na tatu,” akasema, “mtoto wa marehemu anataka kumwona mama yake.”

Wote walikubali ukatiwe kipande cha Mama, mradi asiwemo mwingine. Tatizo, Jelloul, ni kwamba Mama hakucheza peke yake hata mara moja. Kila alipo, pembeni yake yupo Khadra, Mungu amrehemu, rafiki yake wa hamamu, lile bafu la wanawake la mtaa. Tukamgeukia binti wa Khadra. Akafikiri sana. Akasema, “Mama yangu hakuwahi kumwonyesha hata mtu wa posta nywele zake. Siwezi kumwamulia leo. Sura, hapana. Lakini kicheko chake mwachieni. Kicheko hakina nywele.”

Basi Wassila amefanya kazi siku nyingi, na kila Khadra anapotokea ameweka weusi. Mama amebaki upande wa kushoto. Usitegemee sinema. Diski iko ndani ya bahasha hii, na aliyeibandika ni Hajjati Yamna kwa mkono wake. Kilichomo sikuambii.

Ghania

---

Kambini, 11 Agosti 2007

Dada Ghania,

Bahasha ilifika Jumatano. Nikaizungusha mkononi siku nzima. Hatimaye nikamwendea Bachir, maana mashine ya kusomea diski ni yake tu. Hakuniuliza. Alichomoa waya wote unaokwenda nje, akanipa ufunguo, akasema, “Ingia, funga kwa ndani. Mimi niko hapa.” Akatoka.

Upande wa kulia ni giza, kama ulivyonionya. Mama anacheza na giza. Analishika mkono, analitania, analinong'oneza, nalo giza linacheka kwa sauti ya mwanamke ambaye sitamjua, na Mama akisikia kicheko hicho naye anapasuka, anashika mbavu, kitambaa cha kiunoni kinafunguka. Sikujua kwamba Mama alikuwa anacheka hivyo. Nyumbani na sisi alikuwa anacheka mdomo ameuziba.

Kisha anakuja karibu, mpaka uso wake unajaza ile nusu ya kioo. Anakukemea: “Ghania, zima hiyo, utaimaliza. Nani amempelekea Jelloul chakula? Yuko ngazini, amenuna. Mpelekee nyama ya juu, siyo mifupa. Na usimwambie ni mimi, ataona nimembembeleza.”

Mwaka ule ndio niliotolewa upande wa wanawake, Dada. Kila harusi nilikuwa nikiingia na nyinyi, nikilala juu ya marundo ya mitandio. Siku hiyo Mama alinishika bega akanitoa mlangoni mwenyewe: “Wewe sasa mwanamume, kwenu ni nje.” Nikakaa ngazini nikisikiliza matari, nikaapa sitasema naye tena. Sahani ililetwa, nikala yote, nikadhani imetoka kwa mtu yeyote.

Nimeitazama mara mbili tu. Sitainakili. Inatosha kujua iko kwako na iko kwa Wassila, na hii moja nitakuja nayo likizo, ikae nyumbani. Mwambie binti wa Khadra kwamba sikuona hata kidole. Mwambie Hajjati Yamna namshukuru, na kuhusu pazia naomba radhi.

Nilipofungua mlango, Bachir alikuwa amekaa sakafuni kwenye korido, mgongo kwenye ukuta, na Ami Lakhdar ubavuni pake, karudi na chupa yake ya kahawa. Walikuwa wamewazuia watu kupita muda wote huo. Nilisimama hapo na macho yangu jinsi yalivyokuwa. Hakuna aliyeniuliza nimeona nini. Ami Lakhdar alisogea tu, akapangusa sakafu kwa kiganja, nikakaa katikati yao.

Mdogo wako,
Jelloul